Baskeli Kiunoni

Nlianguka karibu na mzunguko wa barabara, hapa hapa Azaiba, asubuhi nikitoka kununua samaki. Hakuna gari iliyonigusa. Tairi la mbele liliingia kwenye mchanga ulioletwa na upepo, likagoma, mie nikaenda kulia na baskeli ikaenda kushoto. Changu wangu wawili walitoka kwenye kikapu wakalala barabarani wamenikodolea macho. Nlikuwa nimekaa ukingoni nawapangusa mchanga, gari ya mwanangu ikasimama. Alikuwa anakwenda kazini. Akanitia kwenye gari, akatia samaki, akatia baskeli nyuma, na hakusema neno mpaka nyumbani. Mwanangu ni msemaji. Akinyamaza, ujue keshaamua.

Kifundo cha mkono kilivimba siku nne. Siku ya tano akaniambia baskeli anairudisha kwa aliyeniuzia.

Nieleze hii baskeli imetoka wapi, maana kuna watu wa umri wangu wakisikia habari hii wanadhani nimeruka akili. Nna miaka sitini na saba. Nlisoma Kurani chuoni, nikasoma skuli mpaka darasa la nne kule Unguja, kisha tukaja huku Omani, nikaolewa, khalas. Miaka mingi tulikaa Darsait, ghorofa ya tatu, mie na marehemu mume wangu. Nlikuwa nashona kofia. Darsait kila kitu nlikifikia kwa miguu yangu: duka la uzi lipo chini, fundi wa cherehani pembeni, wifi yangu jengo la pili. Nashuka na kofia, napanda na uzi na mkate.

Mume wangu alipofariki, mwanangu akanileta kwake Azaiba. Alinipa chumba cha chini, kizuri, kina mlango wake na kiyoyozi chake. Tokea siku hiyo nikawa mzigo. Sisemi kama walinichoka. Nakusudia nlikuwa nabebwa. Dukani nabebwa kwa gari, kwa daktari nabebwa, kwa wifi nabebwa, na kila kubebwa kunangoja mtu amalize kazi zake. Azaiba mtu asiye na gari ni kama kabati. Kuendesha gari sikujifunza. Mume wangu hakutaka, na mie sikulilia.

Daktari, kwa ajili ya sukari, akataka nitembee. Nikamwonyesha magoti. Akayabonyeza, akasema basi kuogelea, au baskeli. Alisema kwa kutimiza wajibu tu, huku anaandika. Lakini baskeli mie naijua. Alinifundisha kaka yangu, uwani kwetu, mlango umefungwa ili watu wasione, na mwili haujasahau.

Aliyenitafutia ni mjukuu wangu wa kwanza, wa kike. Huyu nitamsifu kidogo, mnivumilie. Ni mfamasia, miaka ishirini na minne, mrefu kama babu yake, na wakati wenzake hawajanywa chai yeye kesha kwenda Qantab kwa baskeli na kurudi, na njia ya Qantab yote ni milima. Anashindana na wanawake wa kila taifa na wengi wao anawaacha. Adabu yake sina la kusema, adabu hiyo nlimtia mimi mwenyewe. Alikaa kwangu Darsait mpaka ana miaka kumi, wazee wake wakiwa kazini.

Siku moja, ana miaka minane, alipanda ngazi mbio akampita jirani yetu, mwanamke mtu mzima, kabeba mfuko wa mchele. Akampita hivi hivi. Nlikuwa nimesimama juu nawaona. Nlimwacha jirani afike, nikautua mfuko, nikamwambia mtoto ateremke nao mpaka chini mlangoni, kisha aupandishe. Jirani akamwombea mtoto msamaha, nikakataa. Aliupandisha ngazi moja moja, anaukumbatia, analia kimya kimya. Tokea siku hiyo hajapata kumpita mtu mzima aliyebeba kitu. Hata kitabu atakupokea.

Basi yeye ndiye aliyeniletea baskeli. Aliinunua kwa mama mmoja wa Kikenya anayefundisha mazoezi kwenye hoteli na kuwaandalia wanawake mashindano majira ya baridi. Ni fupi, rangi ya manjano, tairi zake nene. Ndani ya wiki mbili nlikuwa nanunua samaki wangu mwenyewe, naweka kidole kwenye shavu la samaki mwenyewe, narudi sijamsubiri mtu. Kwa wifi yangu, ambaye na yeye kahamia upande wetu, nlikuwa nafika nikitaka na kuondoka nikimchoka. Ndiyo hiyo baskeli mwanangu aliyotaka kuirudisha.

Nikamwambia hairudi. Akasema nitakufa barabarani na watu watauliza mwanawe alikuwa wapi. Hapo nikajua anaogopa mambo mawili, kifo changu na maneno ya watu, na sikutaka kujua lipi kubwa.

Tulikuwa mezani. Mjukuu wangu, kwa kutaka kubadilisha mazungumzo, akaeleza kuwa baada ya mwezi kutakuwa na mashindano ya wanawake nyuma ya Azaiba, kwenye wadi kavu, bonde la mto usio na maji, na shamba la mitende lililo pembeni yake. Saiklokrosi, ndiyo jina lake. Nikamuuliza ni nini. Akasema mnazunguka uwanja mmoja, mchanga, mawe, tope, na pale pasipopandika unashuka, unabeba baskeli yako unakimbia nayo, kisha unapanda tena. Zipo na mbao zimesimamishwa njiani makusudi ili mtu ashuke abebe. Nikasema huu ni ujinga wa watu walioshiba. Kisha nikasema, niandikishe.

Mwanangu akacheka. Kicheko cha kwanza kwa siku tano. Nami nikamfunga kwa kicheko hicho hicho. Nikamwambia tukubaliane mbele ya mkewe na mwanawe: nikimaliza mashindano hayo, baskeli ni yangu na asifungue mdomo tena. Nisipomaliza, siku ile ile aichukue, na mie nitakaa chumbani mpaka atakapokuwa na nafasi ya kunibeba.

Aliacha kucheka. Akasema, "Umalize peke yako, mama. Mtu asikushike mkono."

"Mtu asinishike mkono," nikasema. Akapeleka tonge mdomoni. Nlimjua, alidhani sitafika hata siku yenyewe.

Mwezi mzima nlifanya mazoezi uwani. Kupanda nlikuwa naweza, tabu ni kubeba. Yule mama wa Kikenya alikuja kunionyesha: unashika chuma cha katikati, unaitupa baskeli begani, mkono unaupitisha hivi. Mwembamba, ana misuli kama kamba za meli, na ananiita shosho. Nikamwambia mie si shosho, kwetu tunasema bibi. Akasema, "Sawa, shosho." Nikamwacha.

Bega langu lilikataa. Miaka arubaini ya kuinamia kofia, bega halinyanyuki kupita sikio. Nikaitupa baskeli mara tatu na mara zote tatu ikanirudia kichwani. Halafu siku moja mke wa mwanangu alinipa mtoto wake wa mwisho nimshike akoroge sufuria, nami nikampakata kiunoni kama nilivyowapakata wote, miguu huku na huku, mkono mmoja unanibaki huru. Nikamrudishia mtoto wake, nikaenda uwani nikaipakata baskeli. Kiuno upande wa kulia, chuma cha juu kimekaa pale kinapokaa kitako cha mtoto, mkono umeuzunguka. Ikakaa. Nzito, na pedeli linachoma paja, lakini ikakaa. Nikapanga mikeka miwili iliyokunjwa, nikairuka. Nikaweka sanduku la barafu, nikaliruka, yaani mguu huu kwanza, napumua, kisha mguu ule.

Mama wa Kikenya alipoona alishika kiuno akatazama muda. Akasema kwenye vitabu vyake hakuna kubeba namna hiyo, lakini pia hakuna mahali palipokatazwa.

Siku ikafika. Ijumaa asubuhi, baridi ya hapa, baridi ya kuvaa fulana mbili. Nlivaa suruwali yangu ya Kiomani, kanzu fupi juu, mtandio nimeufunga nyuma, na helmeti juu ya mtandio. Nlijiona kwenye kioo cha gari: yai kwenye kikombe.

Wale watu walikuwa wameleta tangi la maji kutia tope kwenye kona moja chini ya mitende. Wengine wanaomba mvua huku miaka na miaka, wao wamekodi tope. Wadi ilizungushiwa kamba, na nyuma ya kamba waume na watoto na vikapu vya chai. Wanawake wa kushindana hatukufika ishirini. Aliyenikaribia kwa umri alikuwa na miaka arubaini na kitu, mzungu, akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyetoka wodini bila ya ruhusa. Nikamtazama nami.

Mwanangu alikuja. Alisimama kwenye kamba karibu na zile mbao mbili, maana ndipo alipoona nitashindwa. Ni mtu wa hesabu.

Mama wa Kikenya, ambaye siku hiyo ndiye mwamuzi, ana filimbi shingoni na ubao wa karatasi mkononi, alitoa kanuni kwa Kiingereza, kisha akazirudia kwa Kiswahili cha kwao huku ananiangalia mimi. Mashindano haya hayaendi kwa masafa, yanaenda kwa saa. Mnazunguka dakika arubaini, kengele inalia, na mzunguko ulio nao ndio wa mwisho wako. Ukiwa umefanya mitatu na mwenzako sita, nyote mmemaliza. Wa mbele akishindwa kumaliza na wa nyuma akamaliza, wa nyuma ndiye aliyemaliza. Na kila mtu anabeba baskeli yake. Atakayebebewa na mwingine, asiporudia mwenyewe, ametoka. Mjukuu wangu alikuwa mstari wa mbele, kichwa chini, anasikiliza. Watatu wa kwanza wangepata vikombe, na mwaka uliopita yeye alikuwa wa nne.

Filimbi ikalia na wote wakaondoka kama kuku waliorushiwa jiwe. Mie nikaondoka kama mie.

Mzunguko wa kwanza sina mengi ya kusema. Mchanga wa wadi unavuta chini. Tairi linazama, unakanyaga na huendi, kwa hivyo nlishuka nikaisukuma, na niliona na vijana wengine wanasukuma. Kwenye tope nlipita pembeni kwenye mizizi ya mtende, nikaegemea shina kwa mkono, nikapita. Na kabla ya hapo, kwenye mbao, nlishuka, nikapakata, mguu wa kwanza, napumua, mguu wa pili. Ubao wa kwanza, hatua nne, ubao wa pili. Mbao zenyewe zinafika chini kidogo ya goti. Goti langu lilisema, nikalijibu. Watu kwenye kamba walipiga makofi, mwanangu hakupiga. Alikuwa anatazama mikono yangu isishikwe, kama nilivyomuahidi.

Walianza kunipita. Wa mbele alinipita kwenye mchanga, binti wa kizungu, sikusikia hata pumzi yake. Wa pili akanipita hapo hapo, Mfilipino mfupi mwenye miguu kama pistoni. Nikahesabu. Mjukuu wangu ni wa tatu, nikasema, na sikugeuka kumtafuta.

Nlifika kwenye mbao mara ya pili. Nikapakata, nikavuka ubao wa kwanza, na pale katikati, baina ya ubao na ubao, pumzi ikanikatika. Nlisimama na baskeli kiunoni. Si kama nlishindwa, nlikuwa nangoja pumzi irudi kama mtu anavyongoja chungu kichemke. Nikasikia viatu vinakuja nyuma, vyepesi, kisha vikaacha kukimbia.

"Bibi, lete."

Nliona mkono mrefu unapita mbele yangu, baskeli ikatoka kiunoni, ikaruka ubao wa pili, ikasimamishwa upande wa pili kwa upole, usukani umeelekezwa kwangu, kama mtu anavyokupa kisu kwa mpini. Baskeli yake mwenyewe alikuwa ameilaza kwenye mchanga. Akageuka kunipa mkono nivuke.

Hakufikiri. Ningeapa kwa hilo. Alikwishasikia kanuni, alikuwa wa tatu, kikombe anakiona. Lakini mbele yake palikuwa na mtu mzima kabeba kitu, na mkono ukaenda wenyewe. Nliuzoesha mimi.

Mama wa Kikenya alikuwa hapo hapo. Filimbi ilikuwa mdomoni na hakuipuliza, aliishika kwa meno tu. Watu wa kamba wengine walikuwa wanapiga makofi, wameona jambo zuri. Nikamtazama mwanangu. Hakufurahi, nimpe haki yake. Aliangalia viatu vyake, kisha akaangalia saa.

Nikamwambia mtoto, "Rudisha."

"Bibi?"

"Rudisha ulipoitoa."

Uso wake nliuona ukibadilika. Alikumbuka kanuni, au alikumbuka ngazi za Darsait, sijui, sikumuuliza mpaka leo. Akainyanyua baskeli, akairudisha, akaiweka miguuni pangu. Mwenzake mmoja akatupita, akaruka ubao wa kwanza, akaruka wa pili, akaenda zake. Kisha mwengine. Mtoto bado kasimama.

"Pita," nikamwambia.

Hakupita. Alikuwa na machozi, na mikono yake ilikuwa inatafuta pa kushika. Wa tatu akatupita. Unaweza kumtia mtoto kitu kwa miaka kumi kikaingia sana, na hapo ndipo nlipoona kimeingia kiasi gani: kuniacha nyuma na mzigo kulikuwa kunamuuma mwilini, kama kukanyaga moto.

Nikamwambia, "Nisikilize. Juu ya baskeli mie si bibi yako. Nipite kama unavyolipita jiwe. Wala usinisalimie."

Akaokota yake, akaruka ubao, akaondoka. Hakugeuka. Hapo alikuwa wa sita.

Nikainama kuipakata baskeli nivuke ubao uliobaki. Mama wa Kikenya akatoa filimbi mdomoni.

"Shosho," akasema, taratibu, kama anayeomba radhi. "Huwezi anzia hapo. Rudi nyuma ya mbao ya kwanza. Zote mbili, kutoka mwanzo. Ukishindwa nakutoa."

Mzungu mmoja kwenye kamba akalalamika, akasema mengi, nlifahamu kuwa ananitetea. Nikamwashiria kwa mkono anyamaze. Mwamuzi alikuwa na haki. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Nikarudi. Mara hii nlipakata vibaya, kiuno kilikuwa kimejaa jasho, baskeli ikateleza na meno ya cheni yakanichana paja, suruwali ikachanika. Nikaitua. Nikaifuta kwa mtandio, nikaipakata upya. Ubao wa kwanza. Nikasimama katikati, kwa makusudi, pale pale, nikapumua mpaka niliporidhika. Ubao wa pili ulinigonga ugoko lakini haukuanguka. Nikapanda. Mwanangu alinifuata kwa macho, na nlipokuwa napita usawa wake alisema kwa sauti ndogo, "Damu hiyo, mama." Nikasema naijua.

Kengele ililia nikiwa kwenye mawe. Yaani mzunguko huo ndio wa mwisho wangu, na nlimshukuru Mungu kwa sauti. Nlibakiwa na tope na kipande cha njia iliyonyooka. Kwenye tope sikuuona tena ule mzizi, wamekwisha uzika kwa matairi, nikapita katikati. Nlizama mpaka kwenye kifundo cha mguu na kiatu kimoja kikabaki. Nikakiwacha. Nlimaliza nimepanda, mguu mmoja una soksi, wa mwisho kabisa. Watu wa chai walikuwa wanakunja vikapu. Mzungu wa miaka arubaini na kitu alikuja na kiatu changu amekishika kwa vidole viwili. Mizunguko yangu miwili, ya yule wa mbele mitano.

Mjukuu wangu alikuwa wa sita. Alikuja kunifungua helmeti, na hilo nlimwachia, mashindano yalikuwa yamekwisha.

Mwanangu ndiye hakuridhika. Alisema, bila ya ukali, kama anayesoma kipimo, kuwa nlishikwa mkono. Nikamwambia nlishikwa kisha kikarudishwa kilichoshikwa. Akasema mapatano yalikuwa mtu asinishike, hayakusema habari ya kurudisha. Nikamwambia basi akamuulize mwamuzi. Akaenda kweli. Nlimuona anavuka wadi na viatu vyake vya ofisi, anaingia mchanga, na mie nlikuwa nimekaa juu ya sanduku la barafu. Nlikuwa nimeshaanza kufikiria chumba changu, kiyoyozi kinavyonguruma kuanzia saa tatu asubuhi, na mie nimekaa kitandani nimekwisha vaa, nangoja.

Mwamuzi alimuonyesha karatasi ya ubao wake. Nliwasikia, sauti ya yule mama inafika mbali.

"Mzee, mama yako amemaliza. Alisaidiwa, akarudi, akarudia yote. Ni wa mwisho, lakini hapa nimeandika amemaliza. Unataka nikuandikie tena?"

Mwanangu ana miaka arubaini na minne. Alirudi na lile neno mzee limemkaa kooni, na la baskeli hakulizungumza. Aliifuta tope kwa kitambaa cha gari yake, akaitia nyuma. Tulipofika aliishusha, nikamtazama anaipeleka wapi. Aliiegemeza kwenye mlango wangu. Baada ya siku mbili nikakuta imefungwa taa nyekundu nyuma. Sikumshukuru, maana angejibu, na tukianza kujibizana hatumalizi.

Lililobaki ni la mtoto. Kikombe alikikosa kwa ajili yangu na hakukitaja. Mchana ule nlimpa yeye kwanza sahani, kabla ya baba yake, watu wote wakaona na hakuna aliyeuliza. Akala kichwa chini. Akaniambia tu, baadaye, akinipaka dawa pajani, kuwa lile nililomwambia kwenye mbao amelisikia. Nikamwambia vizuri.

Wiki ya tatu nlikuwa nakwenda kwa wifi yangu kwa njia ya pwani, asubuhi, naenda polepole upande wa kulia na taa yangu nyekundu inawaka bure kwenye jua. Nikasikia mlio wa tairi nyuma, ule mlio mwembamba. Nikajua ni nani kabla hajafika. Alinipita karibu, kichwa chini, mgongo umelala kama meza. Hakusema bibi. Alinipita kama jiwe, akapotea kwenye kona.

Nlimwambia mimi mwenyewe. Hakufanya ila nililomwambia. Lakini nlikasirika, sitosema uwongo, nlikasirika mpaka kwa wifi yangu, na chai ya wifi yangu sikuisikia ladha.

Jioni aliporudi kazini alikuja chumbani kwangu kama kawaida yake, akainama, akanishika mkono akaubusu.

"Shikamoo, bibi."

Nlimwacha kainama hivyo hivyo kidogo, kabla ya kumuitikia.